Mkweche Haukwanguliwi

Kuna sentensi ninayoisikia kila kijana wa rika langu anapopata gari la zamani: "Nataka nilirudishe kama lilivyokuwa." Huisema kwa upendo, na mara nyingi kwa fedha aliyoikusanya kwa shida. Mimi naiona ni sentensi mbaya, na makala hii nimeiandika kuipinga. Kasoro yake ni kwamba haijibu swali dogo kabisa: lilivyokuwa lini?

Chukua Igowole. Ukitoka Makambako kuelekea Mafinga kwa barabara kuu, unakata kulia pale Nyololo na kuingia kwenye nchi ya chai, mipaini na ukungu. Huku Land Rover za zamani bado zipo. Nyingine zinatembea. Nyingine zimeinuliwa juu ya mawe uani, kuku wanataga chini ya siti. Zililetwa na mashamba ya chai, misheni, serikali na miradi ya wafadhili, kisha zikauzwa kwa watu wa kawaida zilipochoka. Kwa miaka mingi ziliitwa mikweche na hakuna aliyezitamani. Sasa zimepata wachumba. Vijana wenye mishahara, wengi wao wana asili ya huku huku, wanazinunua au kuzirithi, wanaziegesha chini ya mparachichi nyumbani, wanafungua simu kutazama video za Wazungu wakikarabati magari kama hayo, halafu wanatuma mtu dukani akanunue msasa.

Kinachofuata kinajulikana. Rangi yote inakwanguliwa mpaka alumini ionekane. Siti zinang'olewa na kutupwa. Bodi inapuliziwa kijani ya kiwandani au ile rangi ya mchanga ya safari. Ndani inaingia ngozi ya kahawia yenye mshono wa almasi, au, kwa mwenye uwezo zaidi, seti ya siti iliyotengenezwa Uingereza kwa kuiga zile za mwanzo. Picha zinapigwa. Sisi wengine tunaandika chini yake kwamba limerudi.

Limerudi wapi? Limerudi siku lilipotoka kiwandani. Na siku hiyo hakuna mtu wa Igowole aliyekuwa amelishika. Hilo ndilo shtaka langu. "Kama lilivyokuwa" maana yake, kwa vitendo, ni kama lilivyokuwa kabla yetu.

Nianze na rangi, maana ndiyo inayoonewa kwanza. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, ila alumini iliyokuwa ikitumika kwenye ndege ilikuwa imebaki. Ndiyo sababu chesisi ni ya chuma na sehemu kubwa ya bodi ni ya aloi ya alumini. Chesisi huliwa na kutu. Bodi haishiki kutu ile nyekundu, hata ikilala mvuani miaka ishirini. Tafakari maana yake. Kwenye gari la bati la chuma, rangi ni kinga kwanza, urembo baadaye. Kwenye bodi ya alumini kinga hiyo haihitajiki sana. Kila mara mtu alipoipaka upya, alikuwa anasema jambo lingine: hili gari sasa ni la nani.

Land Rover ya baba mdogo, iliyoko uani kwake Igowole, ni 109 ya Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kwenye kona ya mlango wa nyuma rangi imemeguka, na ukiinama unaona tabaka nne. Juu ni bluu aliyoipaka baba mdogo mwenyewe alipoinunua. Chini yake ni nyeupe, na kwenye nyeupe hiyo kuna mabaki ya herufi za mradi wa maji uliokwisha zamani. Chini yake kijivu. Chini kabisa kijani. Watu wazima wanakumbuka namba za magari zilivyokwenda na rangi hizo: ST za serikali, SU za mashirika ya umma, DFP za miradi ya wafadhili. Kwa hiyo kwenye eneo la ukubwa wa kiganja umo mfululizo wa nani aliyekuwa na uwezo wa kumiliki gari katika Tanzania: shirika, mfadhili, na mwisho kabisa mkulima mmoja aliyeuza mahindi na mbao.

Ukilisugua eneo kama hilo taratibu kwa msasa wa maji, tabaka hujitokeza kama pete. Mtu wa Mufindi hahitaji kufundishwa pete ni nini. Shamba la Miti la Sao Hill liko wilayani kwetu, na mtoto aliyewahi kukalia gogo la mpaini amewahi kuzihesabu. Hakuna anayechonga gogo akaondoa pete zote mpaka kiini, akasema mti umerudi ulivyokuwa.

Lakini rangi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mikono. Kiwanda kililijenga gari hili mara moja. Mafundi wa Mafinga, Iringa na Igowole wamelijenga kwa zaidi ya miaka arobaini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Vita vya Kagera vikafuata 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, na nchi ikakaukiwa fedha za kigeni. Spea zikawa adimu kama sukari na sabuni. Mwaka 1983 ilikuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kuruhusu wenye fedha zao za nje waingize bidhaa. Katika miaka hiyo gari lililolala halikuamshwa na duka. Liliamshwa na fundi aliyekata bushi kwenye tairi kuukuu, aliyechonga gasketi kwenye karatasi ngumu, aliyechomelea chesisi mahali ambapo kitabu cha kiwanda kingesema ibadilishwe nzima.

Na hata kupaka rangi huku ni elimu ya pekee. Igowole ina ukungu na baridi. Ukipuliza rangi asubuhi hewa ikiwa na unyevu, thina inakauka haraka, bodi inapoa, unyevu unanasa juu ya rangi, na kesho yake uso mzima umepauka kama umepakwa maziwa. Fundi wa hapa hangoji kuambiwa. Anasubiri jua lichome mchana, anamwagia ua maji ili vumbi la barabarani litulie, anageuza gari lisitazame upepo. Anajua pia kwamba rangi haishiki kwenye alumini tupu bila praima yake maalumu inayouma chuma. Bila hiyo inabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Maarifa haya hayapo katika kitabu chochote nilichokiona maktabani. Yapo kwenye magari. Ukikwangua, unafuta nakala pekee.

Ndani ndiko tunakoharibu zaidi, kwa sababu huko hatuoni hata kwamba kuna kitu. Gari la baba mdogo lina benchi mbili nyuma, zinatazamana. Plastiki ya kiwandani iliisha zamani. Fundi wa kushona siti aliweka mbao za mlingoti, juu yake sponji ya godoro, juu yake turubai la lori alilolishona kwa mkono kwa uzi wa nailoni. Turubai limebonyea mahali pa watu wanne kila upande. Bomba la kushikilia limeng'aa katikati kwa viganja na lina kutu pembeni, pale ambapo mikono haikufika.

Watu hao walikuwa wanakwenda wapi? Mnadani, hospitali, shambani, msibani. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2007–08 uliukuta Mkoa wa Iringa, wakati huo ukiwa na Njombe ndani yake, una kiwango cha maambukizi kikubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Takwimu hiyo ni ya mwisho wa safari ndefu. Kabla ya dawa kufika vijijini, magari kama haya ndiyo yalikuwa yakipeleka wagonjwa na kurudisha majeneza. Jeneza halikai kwenye benchi. Linalazwa chini katikati, na wafiwa wanakaa pande mbili, miguu yao imeligusa. Mbao za sakafu ya gari la baba mdogo zina mikwaruzo mirefu inayokwenda toka mlangoni hadi nyuma ya siti ya dereva. Mingine ni ya magunia ya mbolea. Mingine si ya magunia. Siku ya kwanza ya ukarabati, mbao hizo ndizo za kwanza kwenda jikoni kuwa kuni.

Sijabuni hoja hii peke yangu. Uingereza ya karne ya 19 ilipatwa na homa ya kukarabati makanisa ya kale. Wasanifu walikwangua plasta za karne nyingi ili kulirudisha kanisa kwenye mtindo waliodhani ni wake wa asili. Mwaka 1877 William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na jina lake la utani, tukilileta kwa Kiswahili, ni Wapinga Kukwangua. Mwaka 1964 wataalamu wa urithi walikubaliana katika Hati ya Venice kwamba mchango halali wa kila kipindi kwenye jengo uheshimiwe, kwa kuwa lengo la ukarabati si kulifanya jengo liwe la mtindo mmoja. Na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, limebeba fikra hizo hizo kwenye Hati yake ya Turin. Kwa vipimo vyao, gari lenye miaka 30 au zaidi laweza kuwa la kihistoria. Mikweche ya Igowole ilishavuka umri huo kitambo.

Nasi tunaelewa jambo hili, ila kwenye vitu vingine. Boma la Iringa lilijengwa na Wajerumani, likatumiwa na Waingereza, kisha na serikali yetu, na leo ni makumbusho. Hakuna anayependekeza tuondoe kila alama iliyowekwa baada ya Mjerumani ili boma lirudi kama lilivyokuwa. Tungemwona amechanganyikiwa, au mkoloni. Mbona kwenye gari tunampigia makofi?

Hata wenye kiwanda wanajua tofauti. Mwaka 2016 Land Rover walianzisha mpango wa kuchukua Series I za zamani na kuzirudisha katika hali ya kiwandani, na mpango wenyewe wakauita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuzaliwa upya. Lakini mwaka 2018 walipopata moja ya zile zilizoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ikiwa imetelekezwa kwenye bustani ya mtu si mbali na Solihull, walitangaza kwamba alama za uzee kwenye sehemu zake za asili zitahifadhiwa, pamoja na rangi yake ya kijani mpauko. Soma tena hapo. Gari lilipokuwa bidhaa, walilizalisha upya. Gari lilipokuwa historia yao, walilihifadhi na uchakavu wake. Sisi tumenakili somo la kwanza na kulikosa la pili.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana nimeusikia nyumbani. Mtoto mkubwa wa baba mdogo, anayefanya kazi Dar es Salaam, ndiye anayetaka kulikarabati gari hili. Mpango wake ni kulikodisha kwenye harusi Mafinga na Iringa. Nilipomweleza hoja zangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mdogo wangu, ninyi wasomi mnapenda umaskini ukiwa wa wengine. Fundi yule alishona turubai kwa sababu hakuwa na ngozi. Ungempa ngozi angeshona ngozi."

Ni hoja nzito kuliko zote nilizowahi kukutana nazo, na ana haki nusu. Ni kweli fundi hakuchagua uhaba. Ni kweli pia kwamba kuna watu wanaopenda uchakavu kwa sababu hawalazimiki kuukalia. Lakini tazama tunachofanya na ukweli huo. Kwa sababu fundi hakuchagua uhaba, tunaamua kwamba alichokifanya ndani ya uhaba si kazi. Tunaipa heshima ile ngozi ambayo hakuipata na kuinyima ile akili aliyokuwa nayo. Mwanamke aliyelisha familia kwa ulanzi na mahindi ya kuchoma hakuchagua kuwa maskini, na hatusemi kwa hiyo malezi yake yafutwe kwenye historia ya watoto wake.

Hoja ya pili ni kwamba gari ni mali ya mtu. Sawa. Sisemi itungwe sheria. Nasema kuhusu ladha yetu na nani aliyeitengeneza. Ile rangi ya mchanga, lile keria la juu na yale madebe ya mafuta yaliyofungwa ubavuni havikutoka Mufindi ya baba zetu. Vimetoka kwenye picha za walowezi na matangazo ya watalii. Mufindi imewahi kuwa nchi ya walowezi wa chai. Bibi zetu waliwachumia. Kijana wa Igowole anayelitoa gari mikononi mwa baba yake na kulirudisha kwenye picha ya mlowezi, tena kwa gharama zake, ana haki ya kufanya hivyo. Nami nina haki ya kumwambia amefanya nini.

Hoja ya tatu ni ya usalama. Hapa sina ubishi. Breki ni breki. Nyaya zilizounganishwa kwa nailoni zing'olewe. Chesisi iliyooza ikatwe na kuchomelewa upya, na pale ambapo ribiti za chuma zimekutana na alumini na kuacha unga mweupe, pafunguliwe na kutengenezwa, maana metali hizo mbili zikishikana penye unyevu alumini huliwa. Kutu ni ugonjwa. Lakini mganga anayetibu donda hamchuni mgonjwa ngozi yote ili afanane na picha yake ya ubatizo.

Na tukitaja usalama, tumtaje na yule anayekwangua. Ukarabati wa nyumbani una mtu ambaye haonekani kwenye picha za mwisho: kijana wa kupiga msasa. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Ukizisugua kavu uani, vumbi linaingia kwenye mapafu yake, kisha linatua penye bustani ya mboga na penye watoto. Rangi za kisasa za kuchanganya na kigumishi zina kemikali ziitwazo isosianati, ambazo zinaweza kumpa mpulizaji pumu ya kudumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Kadiri unavyotaka gari tupu na jipya zaidi, ndivyo unavyomwagiza mtu avute vumbi na mvuke zaidi. Anayebakiza rangi nzuri iliyopo, akasugua kwa maji na kupaka pale tu palipoharibika, anahifadhi historia na kifua cha mtu kwa pamoja. Bajeti yenye ngozi ya mshono wa almasi lakini isiyo na barakoa ya kweli ya kupulizia rangi ni bajeti ya aibu.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na magari yakapangwa msururu kutafuta rekodi ya dunia. Nililifurahia. Lilionyesha kwamba nchi hii inalipenda gari hili kwa dhati. Ila rekodi ya namna hiyo huhesabu magari. Haina safu ya mafundi. Safu hiyo tunaweza kuijaza wenyewe, uani, bila kusubiri tamasha. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila upande, ndani na nje. Uliza ni nani alishona siti, nani alichomelea, mwaka gani, na kwa nini alifanya vile. Wengi wao bado wako hai na wanapenda kuulizwa. Andika majina yao kwenye kibati na ukipigilie ndani ya gari. Lazima upake rangi? Acha dirisha moja la ukubwa wa kiganja lisiloguswa, tabaka zote zikionekana, kama wafanyavyo wahifadhi wa majengo. Lazima ubadilishe siti? Zile za zamani zifungwe vizuri na kuwekwa darini, zisigeuzwe kuni. Kama gari ni la harusi, bibi harusi hatachafuka kwa kukaa karibu na kibati chenye majina.

Kaka yangu amekubali mlango mmoja. Mlango wa nyuma, ule wenye kona iliyomeguka, hautakwanguliwa. Mengine bado tunabishana, na baba mdogo, ambaye ndiye mwenye gari, anatuacha tubishane huku akiendelea kulitumia kubebea mbao.

Mwenye kulitaka gari la 1972 ambalo halijaguswa na mtu, picha zake zipo nyingi na ni nzuri. Lakini lile lililoko Igowole limeguswa. Limeguswa na watu ambao majina yao hayamo kwenye kitabu cha kiwanda wala kwenye chetu, na mahali pekee walipoandika ni pale unapotaka kuanza kupiga msasa.